Orton Chirwa: Mwanasheria wa kwanza wa Malawi aliyesimama kizimbani bila wakili

Tarehe 5 Mei 1983, mahakama ya jadi ya mkoa wa kusini nchini Malawi ilimhukumu Orton Chirwa adhabu ya kifo kwa kosa la uhaini. Mkewe, Vera, ambaye naye alikuwa mwanasheria, alipewa adhabu hiyohiyo. Katika muda wote wa kesi hiyo hakuna wakili aliyeruhusiwa kuwatetea, na mashahidi waliotaka waitwe kutoka nje ya nchi hawakuitwa. Waliokalia viti vya hukumu walikuwa kwa sehemu kubwa machifu walioteuliwa na serikali ileile iliyowashtaki.

Aliyehukumiwa hakuwa mtu wa kawaida. Orton Chirwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa zamani, kupata sifa ya uwakili. Alikuwa mwanzilishi na rais wa kwanza wa chama kilichokuwa kinatawala siku aliyohukumiwa. Nchi ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyekuwa waziri wa sheria. Maisha yake yanagusa mjadala ambao haujakwisha katika nchi nyingi za Afrika: je, raia au wazee wa jamii wanapopewa mamlaka ya kuamua kesi za jinai, ni jambo gani linalowafanya wawe ngao ya mshtakiwa, na ni jambo gani linalowageuza kuwa rungu la mtawala?

Kutoka ualimu hadi uwakili

Orton Edgar Ching'oli Chirwa alizaliwa tarehe 30 Januari 1919, wakati Nyasaland ikiwa chini ya himaya ya Uingereza. Kama vijana wengi wa kizazi chake waliotafuta elimu ya juu, alilazimika kwenda Afrika Kusini, akasoma katika Chuo cha Fort Hare, kisima ambacho viongozi wengi wa ukombozi wa kusini mwa Afrika walikinywea. Aliporejea nyumbani alifundisha katika chuo cha ualimu cha Domasi, karibu na Zomba, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa kikoloni.

Baadaye alikwenda London kusomea sheria, na mwaka 1958 alikubaliwa rasmi kuwa wakili katika taasisi ya Lincoln's Inn. Sheria aliyoisoma huko ilijivunia juri, yaani jopo la raia kumi na wawili wasio na taaluma ya sheria, wanaoapishwa kusikiliza ushahidi na kuamua iwapo mshtakiwa ana hatia au la. Kwa Waingereza, juri ilihesabiwa kuwa kinga ya raia mbele ya dola, kwa maana mfalme au waziri hakuweza kumfunga mtu kwa kosa kubwa bila kuwashawishi kwanza watu wa kawaida ambao hawakuwa watumishi wake.

Hata hivyo, kinga hiyo haikusafiri na bendera ya Uingereza kwa usawa. Katika Kenya ya kikoloni, kwa mfano, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alisikilizwa na jaji aliyekaa pamoja na wazee wa baraza. Wazee hao walitoa maoni yao, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji, ambaye angeweza kuyapokea au kuyaweka kando. Hivyo basi, wakoloni walikubali kwamba mtu ahukumiwe na walio sawa naye, kisha wakachagua nani astahili haki hiyo. Hoja kwamba Mwafrika hakuwa bado tayari kwa juri ilitolewa wakati wa ukoloni. Hoja kwamba juri ni kitu cha kigeni kisichomfaa Mwafrika ingekuja kutolewa baadaye na watawala wa Kiafrika wenyewe.

Chirwa alirejea nyumbani katika wakati wa dhoruba. Tangu mwaka 1953 Nyasaland ilikuwa imeunganishwa na Rhodesia mbili katika shirikisho lililotawaliwa na walowezi, jambo ambalo Waafrika wengi walilipinga. Julai 1958 Daktari Hastings Kamuzu Banda alirejea baada ya miongo mingi ya kuishi ng'ambo na kuchukua uongozi wa chama cha Nyasaland African Congress. Tarehe 3 Machi 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikakipiga marufuku chama hicho na kuwakamata viongozi na wafuasi wake kwa mamia bila kuwafikisha mahakamani. Banda alipelekwa gerezani Gwelo, katika Rhodesia ya Kusini. Chirwa naye alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Watu 51 waliuawa katika machafuko ya siku hizo, na tume iliyoongozwa na Jaji Patrick Devlin kutoka Uingereza ilihitimisha kwamba Nyasaland ilikuwa imegeuka, japo kwa muda, kuwa dola ya kipolisi. Serikali ya London haikufurahishwa na maneno hayo.

Mwanzilishi aliyempisha mwingine

Chirwa aliachiwa huru kabla ya Banda. Septemba 1959 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Malawi Congress Party, kikachukua nafasi ya kile kilichopigwa marufuku, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho kilienea kwa kasi katika vijiji na miji. Banda alipofunguliwa tarehe 1 Aprili 1960, Chirwa alimkabidhi kiti bila mvutano. Wanachama wengi waliona kwamba alikuwa amekishika kiti hicho kwa niaba ya mzee aliyekuwa kifungoni, naye hakufanya lolote la kuipinga fikra hiyo.

Uchaguzi wa mwaka 1961 ulikipa chama hicho ushindi mkubwa. Chirwa aliingia serikalini kushughulikia mambo ya sheria, na hatimaye akawa waziri wa sheria. Katika miaka hiyo mahakama za wenyeji zilifanyiwa mageuzi. Wakati wa ukoloni zilikuwa chini ya maofisa wa wilaya na machifu. Sheria ya mwaka 1962 iliziita mahakama za mitaa na kuziweka chini ya wizara ya sheria. Lengo lilieleweka: mwanakijiji asikilizwe kwa lugha yake, karibu na kwake, kwa mila anazozifahamu, na bila gharama kubwa. Kesi zilizofikishwa huko zilikuwa ndogondogo, kama ugomvi wa mashamba, madeni na wizi mdogo. Makosa makubwa kama mauaji na uhaini yalibaki mikononi mwa Mahakama Kuu, penye majaji, mawakili na kanuni za ushahidi.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Katiba yake ya kwanza ilikuwa na sura ya haki za binadamu, iliyomhakikishia raia uhuru wake na haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Umri wa katiba hiyo ulikuwa mfupi.

Msukosuko wa Septemba 1964

Miezi miwili tu baada ya sherehe za uhuru, baraza la mawaziri liligawanyika. Mawaziri vijana walilalamikia mwendo wa kobe wa kuwaweka Waafrika katika nafasi za juu serikalini, kupunguzwa kwa maslahi ya watumishi wa umma, ada mpya iliyotozwa wagonjwa hospitalini, na ukaribu wa Banda na watawala wa Kireno wa Msumbiji. Zaidi ya yote walilalamikia tabia yake ya kuamua mambo peke yake na kuwafanya mawaziri kama watoto wa nyumbani kwake.

Tarehe 7 Septemba Banda aliwafukuza mawaziri watatu: Orton Chirwa, Kanyama Chiume na Augustine Bwanausi. Wengine, wakiwemo Yatuta Chisiza, Willie Chokani na Henry Chipembere, walijiuzulu kuwaunga mkono. Chirwa alijulikana kuwa mpole kuliko wenzake na mtu wa kutafuta suluhu, lakini suluhu haikupatikana. Ghasia zilizuka, wafuasi wa mawaziri walioondolewa walishambuliwa, na mmoja baada ya mwingine viongozi hao wakakimbia nchi.

Chirwa na familia yake walipata hifadhi Tanzania. Kwa miaka mingi waliishi Dar es Salaam, mji ambao wakati huo ulijaa wakimbizi wa kisiasa kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Rhodesia na kwingineko. Huko aliendelea na kazi ya sheria, na katika miaka ya 1970 akawa kiongozi wa Malawi Freedom Movement, mojawapo ya vikundi vilivyompinga Banda kutoka uhamishoni. Havikuwa vikundi vyenye nguvu kubwa. Ndani ya Malawi chama kilikuwa kimoja, na ilikuwa vigumu hata kulitaja jina la aliyekimbia bila kujitia hatarini.

Wakati huohuo, Banda alikuwa akiijenga upya nchi kwa sura yake. Mwaka 1966 Malawi ikawa jamhuri ya chama kimoja, na katiba mpya haikuwa tena na sura ile ya haki za binadamu. Mwaka 1971 Banda alitangazwa kuwa Rais wa Maisha.

Jinsi mahakama ya kijiji ilivyopewa mamlaka ya kunyonga

Badiliko lililokuja kuyagusa maisha ya Chirwa moja kwa moja lilianzia katika kitongoji cha Chilobwe, mjini Blantyre. Mwishoni mwa miaka ya 1960 familia kadhaa ziliuawa usiku majumbani mwao kwa namna ya kutisha, na hofu ikatanda mji mzima. Uvumi ulienea kwamba watu walikuwa wakiuawa kwa ajili ya damu yao, na kwamba wakubwa walikuwa wanafahamu. Watu walikamatwa na kufikishwa Mahakama Kuu, lakini mwaka 1969 mahakama iliona ushahidi hautoshi na kuwaachia huru washtakiwa.

Uamuzi huo uliwakasirisha wananchi wengi, na serikali ikaitumia hasira hiyo. Banda na wabunge wake walidai kwamba sheria ya Kiingereza ilikuwa ikiwalinda wauaji kwa vijisababu vya kitaalamu, na kwamba wazee wa Kiafrika wangemtambua mwenye hatia bila kuzungushwa na maneno ya mawakili. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilibadilisha sheria. Mahakama zile za mitaa, ambazo sasa zilikuja kuitwa mahakama za jadi, zikapewa uwezo wa kusikiliza kesi za mauaji na kutoa adhabu ya kifo. Baadaye na kesi za uhaini zikaongezwa. Majaji wa kigeni wa Mahakama Kuu walijiuzulu kwa kupinga badiliko hilo.

Ni haki kuipima hoja ya serikali kwa uzito wake, kwa kuwa haikuwa hoja ya kijinga. Mahakama Kuu iliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo raia wengi hawakuielewa. Majaji walikuwa wageni. Mwanakijiji aliyefiwa na ndugu zake aliona mtu akiachiwa kwa sababu ambazo hakuna aliyemfafanulia. Aidha, katika jamii nyingi za Afrika kulikuwako tangu kale utaratibu wa wazee kukaa chini ya mti, kuwasikiliza watu wote wa pande mbili na kutafuta ukweli hadi usiku uingie. Waliotetea mahakama za jadi walisema kwamba hiyo ndiyo juri ya Mwafrika.

Lakini mahakama zilizoundwa mwaka 1969 hazikufanana na mti ule. Wajumbe wake waliteuliwa na serikali na wangeweza kuondolewa na serikali. Mshtakiwa hakuwa na haki ya kuwakilishwa na wakili. Kanuni za kuchuja ushahidi, zinazomzuia mtu kufungwa kwa tetesi au kwa ungamo lililotokana na mateso, zililegezwa. Rufaa haikwenda Mahakama Kuu, bali katika mahakama nyingine ya rufaa ya mfumo huohuo wa jadi. Juu ya mfumo wote alikuwapo Rais, ambaye kwa miaka mingi aliishika pia wizara ya sheria. Chini ya mti wa kale, mzee aliyekosea aliulizwa na wanakijiji wenzake. Katika mahakama hizi mpya, mjumbe aliyemwachia mtu asiyetakiwa na wakubwa alikuwa na mmoja tu wa kumjibu.

Siku moja kabla ya Krismasi

Tarehe 24 Desemba 1981 Orton Chirwa, mkewe Vera na mtoto wao wa kiume, Fumbani, walikamatwa na vyombo vya usalama vya Malawi. Serikali ilidai kwamba walikuwa wameingia nchini kwa nia mbaya. Familia na mashirika ya haki za binadamu walishikilia kwamba walitekwa wakiwa upande wa Zambia, karibu na mpaka, na kuvushwa kwa nguvu. Fumbani alishikiliwa bila mashtaka hadi mwanzoni mwa mwaka 1984.

Kesi ya wazazi wake ilianza mwaka 1982. Shtaka la uhaini lilikuwa kwamba walikula njama ya kuiangusha serikali. Ushahidi uliegemea sana nyaraka na maelezo yaliyosemekana kuwa walikiri wenyewe, nao waliyakana. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wanasheria, walijitetea wao wenyewe, wakijua vizuri kila walichonyimwa. Walifahamu maswali ambayo wakili angemwuliza shahidi, mahali ambapo jaji wa Mahakama Kuu angesimamisha ushahidi usiofaa, na kwamba upande wa mashtaka ndio uliopaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha hatia. Ujuzi huo wote haukuwafaa kitu mbele ya jopo lililokuwa na mazoea mengine.

Zilikuwa siku mbaya kwa wapinzani wa Banda. Machi 1983, wakati kesi hiyo ikikaribia mwisho, Attati Mpakati, kiongozi wa kundi jingine la upinzani lililokuwa uhamishoni, aliuawa mjini Harare. Siku chache tu baada ya akina Chirwa kuhukumiwa, wanasiasa wanne wa chama tawala chenyewe, Dick Matenje, Aaron Gadama, Twaibu Sangala na David Chiwanga, walikufa huko Mwanza, kusini mwa Malawi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Wengi hawakuamini, ila walinyamaza.

Februari 1984 mahakama ya rufaa ya jadi iliitupa rufaa ya wanandoa hao. Jambo la kushangaza ni kwamba mahakama hiyo yenyewe iliikosoa namna kesi ilivyoendeshwa kule chini, kisha ikaziacha adhabu za kifo zisimame. Maombi ya huruma yalimiminika kutoka sehemu nyingi za dunia, na shirika la Amnesty International liliwatambua kuwa wafungwa wa dhamiri. Juni 1984 Banda alizipunguza adhabu hizo kuwa kifungo cha maisha.

Gereza la Zomba

Orton na Vera waliwekwa katika gereza moja la Zomba, mji uleule ambao karibu nao Chirwa alikuwa amefundisha akiwa kijana. Walitenganishwa. Kwa takriban miaka minane hawakuruhusiwa kuonana, ingawa ni kuta tu zilizowatenga. Walishikiliwa kwa upweke, walifungwa pingu za miguuni mara kwa mara, chakula kilikuwa haba, na barua na wageni vilizuiliwa. Macho ya Orton yalififia kwa mtoto wa jicho asiyetibiwa, na masikio yake nayo yakapungua nguvu.

Nje ya kuta hizo dunia ilikuwa inabadilika. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa na wakuu wa nchi za Afrika mwaka 1981, ulianza kutumika mwaka 1986, na Malawi ikauridhia mwaka 1989. Mkataba huo unatamka kwamba kila mtu ana haki ya kusikilizwa, ya kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na ya kutetewa na wakili amtakaye. Serikali ya Banda ilikuwa imeutia saini ahadi ambayo wafungwa wake wawili wa Zomba waliivunjiwa tangu siku ya kwanza. Malalamiko yakapelekwa katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwa niaba yao.

Mwaka 1992 ukimya wa ndani ulivunjika. Mwezi Machi maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa waraka wa kichungaji ulioshutumu ukosefu wa haki, ukasomwa makanisani kote. Migomo na maandamano yalifuata, na nchi wafadhili zikazuia misaada. Septemba mwaka huo ujumbe wa wanasheria kutoka Uingereza uliruhusiwa kuingia gerezani, na kwa ajili ya ziara hiyo Orton na Vera wakaonana kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote.

Ilikuwa pia mara ya mwisho. Tarehe 20 Oktoba 1992 Orton Chirwa alifariki dunia gerezani, akiwa na umri wa miaka 73. Mkewe hakuruhusiwa kwenda kumzika. Aliachiwa huru tarehe 24 Januari 1993.

Juri yarejea, na aliyeshtakiwa ni Banda

Miezi michache baadaye, tarehe 14 Juni 1993, Wamalawi walipiga kura ya maoni na karibu thuluthi mbili wakachagua mfumo wa vyama vingi. Mwaka huohuo shughuli za mahakama za jadi za mikoa zilisitishwa, na kesi za mauaji zikarudi Mahakama Kuu, mbele ya jaji na juri. Mei 1994 Banda alishindwa uchaguzi na Bakili Muluzi.

Tume ya Afrika ilitoa uamuzi wake baada ya serikali kubadilika. Ilisema kwamba kuwahukumu akina Chirwa bila wakili kulivunja Mkataba wa Afrika, na kwamba namna walivyotendewa gerezani kulivunja marufuku ya mateso. Ilieleza pia kuwa serikali mpya hurithi wajibu wa serikali iliyopita, hivyo haiwezi kujitenga na dhuluma ya jana kwa kusema si yangu. Kwa Orton uamuzi huo ulikuja akiwa kaburini, lakini umebaki kuwa miongoni mwa maamuzi ya mwanzo ya Tume hiyo kuhusu haki ya mshtakiwa barani Afrika.

Mwaka 1995 ikaja zamu ya Banda mwenyewe. Alishtakiwa, pamoja na John Tembo na wengine, kuhusiana na vifo vya wale wanasiasa wanne wa Mwanza. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu mbele ya juri ya Wamalawi. Mzee huyo, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu kiasi cha kutohudhuria, alitetewa na mawakili hodari. Upande wa mashtaka uliamini kwamba una ushahidi, na serikali mpya ingependa ushindi. Desemba mwaka huo juri iliwaachia huru washtakiwa.

Wapo waliosikitika, hususan familia za waliouawa, na masikitiko yao hayawezi kupuuzwa. Hata hivyo, ukizilinganisha kesi hizi mbili, tofauti inaonekana bila kuhitaji shahada ya sheria. Katika zote mbili waliotoa uamuzi walikuwa Waafrika wasio majaji wa taaluma, watu wa nchi ileile, wenye kuzijua mila zilezile. Kilichotofautiana ni kwamba wale wa mwaka 1995 wangeweza kuiambia serikali hapana kisha wakarudi makwao salama. Wale wa mwaka 1983 hawakuwa na nafasi hiyo. Banda alipewa na wananchi wenzake kile alichomnyima mwenzake aliyempisha katika kiti cha chama.

Mjadala uliobaki

Juri yenyewe haikupata maisha marahisi Malawi. Kuwakusanya raia kumi na wawili, kuwasafirisha, kuwalisha na kuwalipa posho kwa siku nyingi ni mzigo kwa nchi maskini. Kesi za mauaji zilirundikana, na watu ambao hawajahukumiwa walikaa rumande miaka na miaka wakisubiri fedha za kuitisha juri. Hatimaye kesi hizo zikaanza kusikilizwa na jaji peke yake. Wanaoitetea juri walisema kinga imeondolewa. Waliounga mkono badiliko walijibu kwamba kinga inayokufungia rumande kwa miaka mingi imeshageuka kuwa adhabu. Pande zote mbili zina la kusema, na nchi jirani zenye wazee wa baraza au zilizowaondoa zimepitia mabishano ya aina hiyohiyo.

Mwaka 2011 Bunge la Malawi lilipitisha sheria mpya ya mahakama za mitaa, kwa sababu zilezile za mwaka 1962: haki iwe karibu, kwa lugha ya watu, kwa gharama nafuu. Mara moja wanasheria na watetezi wa haki za binadamu wakalikumbusha taifa habari za mahakama za jadi na jina la Chirwa. Katiba ya sasa inaziruhusu mahakama za aina hiyo, ila inazifunga kwenye madai ya kimila na makosa madogo. Mauaji na uhaini haviguswi.

Vera Chirwa alianzisha shirika la kuelimisha wananchi kuhusu haki zao, na kuanzia mwaka 2000 alikuwa mjumbe maalumu wa Tume ya Afrika kuhusu magereza na hali ya wafungwa. Kazi hiyo ilimpeleka katika magereza ya nchi mbalimbali za bara hili, akiingia na hati rasmi mkononi, kuwauliza wafungwa kama wana mawakili, na tangu lini hawajaonana na jamaa zao.